Mrithi wa Ufalme, Vyumba 700 na Siku Watu Walipohama Nyumba: Ubuyu wa Freenode

Haya wadau, kaeni mkao wa kula. Stori ya leo ina tajiri aliyetangazwa mrithi wa ufalme, ina barua za kujiuzulu zilizomwagwa hadharani siku moja, ina vyumba zaidi ya 700 vilivyotekwa kwa mpigo, na ina makumi ya maelfu ya watu waliofungasha virago. Msanii hayumo hata mmoja. Ni stori ya watu wa kompyuta, na drama zao zinaweza kujaza tamthilia nzima.

Kabla hujasema hayakuhusu: kama simu yako ni Android, ndani yake kuna Linux inapumua. Ukifungua Wikipedia ya Kiswahili kutafuta jibu la asaimenti, unatumia kitu kinaitwa MediaWiki. Hizo zote ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Wengi wanaozitengeneza hawana ofisi ya pamoja. Mmoja yuko Ulaya, mwingine Marekani, mwingine yuko hapa hapa Afrika. Ofisi yao ni ile sehemu ya mtandaoni wanapokutana kuulizana, kubishana na kumsaidia mgeni aliyekwama. Ukiivuruga hiyo sehemu, umevuruga kazi yenyewe.

Ndiyo maana kuchagua wapi watu wakutanie ni ishu nzito kuliko inavyoonekana. Watu huangalia muonekano, stika, rangi, kama ni bure. Swali la nani ameshika funguo huja baadaye, mara nyingi siku ambayo kufuli limeshabadilishwa.

Kwa kuwa wahusika wakuu wa ugomvi huu wengine bado wapo na maisha yao, hatutaji majina. Tutawaita Mwanzilishi, Mkuu wa Kaya na Tajiri. Waliokuwepo watawajua. Twende kazi.

Enzi za ubao wa matangazo

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1980 wanafunzi wa Marekani waliwasha kitu kilichoitwa Usenet. Fikiria ubao wa matangazo wa chuo, ila nakala yake ipo kwenye kila chuo kilichojiunga. Ukibandika swali Carolina Kaskazini, kompyuta za vyuo zinapigiana simu na kupeana nakala mpaka swali linamfikia mtu wa mbali kabisa. Ubao haukuwa na mwenyewe. Chuo kimoja kikizima mashine yake, nakala za wengine zinabaki.

Ni kwenye ubao huo ambapo tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliandika kwamba anatengeneza mfumo wa kuendesha kompyuta, kazi ya kujifurahisha tu, akaomba maoni. Na aliandika kwenye kundi la watu waliokuwa wanatumia mfumo mwingine, Minix. Yaani bwana mdogo alienda kwenye grupu la watu akatupia mchongo wake, na badala ya kutimuliwa, watu wakamjibu. Mchongo wenyewe ndio Linux.

Nchi hiyohiyo ya Finland, miaka mitatu kabla, Agosti 1988, Jarkko Oikarinen wa Chuo Kikuu cha Oulu alikuwa ameshatengeneza IRC. Hii ilikuwa ya kuchati papo kwa papo. Kila mada ina chumba chake, wenyewe wanakiita chaneli, na jina la chaneli linaanza na alama ya reli: #. Ndiyo, hiyohiyo unayoweka kwenye posti zako. Mwaka 2007 jamaa aliyependekeza itumike Twitter alikuwa ameiokota kwenye IRC. Kwa hiyo kila ukitupia hashtegi, umevaa mtumba kutoka Finland.

Mpaka hapo watu wa programu huria walikuwa na njia tatu: ubao, kuchati, na barua pepe za kikundi, ambapo unatuma ujumbe mmoja, unawafikia wote waliojiandikisha, na nakala inawekwa kwenye kumbukumbu ambayo yeyote anaweza kuipekua miaka kumi baadaye. Ubao na barua pepe zinakumbuka. Kuchati kunasaidia chapchap, ila maneno mengi yanaenda na upepo. Hii tofauti iweke mfukoni, tutaihitaji mbele.

Nyumba ya Mwanzilishi

IRC haikuwa nyumba moja. Ilikuwa kama mtaa wenye nyumba nyingi, kila nyumba na seva zake na wenyewe. Miaka ya 1990, Mmarekani mmoja, huyu ndiye Mwanzilishi wetu, alifungua chaneli ya kuwasaidia watu waliokwama na Linux. Chaneli ikachangamka, ikawa mtandao unaojitegemea, mwaka 1998 ukaitwa Open Projects Network, na mwaka 2002 ukapewa jina ambalo dunia ya programu huria ililijua kwa karibu miaka ishirini: Freenode.

Basi bwana, Freenode ikawa kijiwe cha wote. Ubuntu walikuwepo, Wikimedia walikuwepo, Python, Fedora, Gentoo, wote walikuwa na vyumba vyao pale. Kompyuta ikikugomea saa nane usiku, unaingia #ubuntu, unamwaga shida yako, na mtu usiyemjua anakujibu bure. Watu walijifunza kazi pale. Kwa wengi, lile jina lao la Freenode lilikuwa kitambulisho cha maisha yao mtandaoni.

Mtandao wenyewe uliendeshwa kwa kuchangiana. Seva zilitolewa kama msaada na wafadhili mbalimbali, na kazi ya kulinda amani ilifanywa na watu wa kujitolea. Chini yake kulikuwa na asasi isiyo ya biashara. Mwanzilishi hakupendwa na kila mtu. Tabia yake ya kuomba michango ilizua maneno mengi. Lakini hakuna aliyebisha kwamba ile nyumba aliijenga yeye.

Septemba 2006, akiwa kwenye baiskeli huko Houston, Texas, aligongwa na gari na dereva akatokomea. Akafariki siku chache baadaye.

Wajitoleaji wakafuta machozi, wakaendelea. Mtandao ukakua mpaka ukawa mkubwa kuliko mitandao yote ya IRC. Mwaka 2013 ile asasi ikafungwa, na nyumba ikabaki inaendeshwa kwa kuaminiana. Na ukweli ni kwamba kuaminiana kulifanya kazi vizuri sana kwa muda mrefu. Hilo ndilo tatizo la kuaminiana: kinavyofanya kazi vizuri, ndivyo watu wanavyosahau kuuliza hati ya nyumba iko kabatini kwa nani.

Tajiri anabisha hodi

Mwaka 2017 ndipo Tajiri anapoingia kwenye picha. Huyu alikuwa mfanyabiashara Mmarekani aliyetengeneza pesa zake kwenye VPN, ile kitu unayowasha mtandao ukibanwa. Na tumpe haki yake: alikuwa mpenzi wa IRC tangu zamani, hakuwa mtu wa kuja tu na begi la hela asiyejua hata kijiwe chenyewe kikoje.

Wakati huo mtandao ulikuwa unaongozwa na mwanamama tunayemwita Mkuu wa Kaya. Kulikuwa na kampuni iliyosajiliwa Uingereza, Freenode Limited, na kampuni hiyo ikaingia mikononi mwa Tajiri. Hadharani ikatangazwa kama kuunganisha nguvu. Kukawa na udhamini, kukawa na mkutano mkubwa wa ana kwa ana pale Bristol, watu wakafurahi. Nani anagoma mfadhili akija na tabasamu?

Lile la ufalme sasa. Mwaka 2018 Tajiri huyuhuyu alitangazwa mrithi na mzee mmoja wa ukoo wa kifalme wa Korea, kwenye hafla iliyofanyika California. Korea haina mfalme. Utawala wa ukoo ule ulikoma mwaka 1910. Kwa hiyo ni taji lisilo na kiti. Lakini kichwa cha habari ni kichwa cha habari, na mgogoro ulipolipuka baadaye, hicho ndicho kitu watu wa mitandaoni walichokishikia bango.

Kwenye barua zao za baadaye, wajitoleaji waliandika kwamba waliaminishwa kampuni ile inahusu mambo ya mkutano tu, na kwamba mtandao wenyewe ulibaki chini yao kama zamani. Miaka minne hivi maisha yakaenda hivyohivyo. Kila upande ukiamini una nyumba. Upande mmoja uliamini kwa sababu ndio unaofagia, unaofunga mageti na unaotuliza ugomvi kila siku. Upande mwingine uliamini kwa sababu ndio wenye karatasi.

Unaona ilipo? Kati ya anayefagia na mwenye karatasi, siku ya kelele nani anashinda?

Mei 2021: kimenuka

Moto ulianza na kitu kidogo. Mwanzoni mwa 2021, nembo ya kampuni nyingine yenye uhusiano na Tajiri ilitokea kwenye tovuti ya Freenode. Wajitoleaji wakauliza, hii imetoka wapi, nani ameidhinisha? Maswali yakazaa maswali. Mkuu wa Kaya akajiuzulu. Wajitoleaji wakachagua kiongozi mwingine kutoka miongoni mwao. Tajiri akasema hapana, mwenye mamlaka ya mwisho ni mimi.

Tarehe 19 Mei 2021 kikanuka rasmi. Wajitoleaji walio wengi walijiuzulu kwa pamoja na kuweka barua zao hadharani. Siku hiyohiyo wakafungua mtandao mpya, Libera Chat, na wakausajili Sweden kama chama kisicho cha kibiashara ambacho wenye sauti ni wale wanaofanya kazi. Yaani walichukua somo la mjini: hati kwanza, pazia baadaye.

Tajiri naye hakukaa kimya. Kwa maelezo yake, yeye ndiye mmiliki halali, ametumia pesa zake kuutunza mtandao, na waliokuwa wanataka kupora ni hao wajitoleaji. Usimcheke haraka. Ukisimama mbele ya hakimu ukiwa na karatasi, una hoja. Shida ni kwamba alikuwa na karatasi ya nyumba ambayo thamani yake yote ilikuwa ni wageni waliomo, na wageni wana miguu.

Wakaanza kuhama. Chumba kimoja kimoja, mradi mmoja mmoja. Kabla ya kuondoka, wengi walifanya kitu cha kawaida kabisa: waliandika juu ya mlango wa chaneli yao kwamba tumehamia Libera, tutafuteni kule. Kama unavyobandika karatasi dukani ukihama fremu.

Hapo ndipo likatokea lile tukio ambalo hata waliokuwa hawana upande walishtuka. Kama wiki moja baada ya ile siku ya barua, uongozi wa Freenode ulitwaa chaneli zaidi ya 700 kwa mpigo, zile ambazo kwenye maelezo yake ya mlangoni zilitaja Libera. Waliokuwa wakiziendesha wakapokonywa mamlaka. Chaneli za Ubuntu zilikuwemo. Maelezo ya uongozi yalikuwa kwamba wanatekeleza sera za mtandao. Lakini kwa aliyekuwa bado anajiuliza abaki au aondoke, jibu likawa limeletwa mlangoni. Watu waliokuwa wanahama kwa miguu wakaanza kukimbia.

Juni 2021 Freenode ikahamia kwenye programu mpya ya seva, na ule usajili wa zamani, majina ya watu na umiliki wa vyumba, haukuhamishwa. Umeshika jina lako tangu 2003? Limefutika, anza upya. Kilichobaki pale kilikuwa jina na anwani. Wikimedia, Ubuntu, Fedora, Gentoo na wengine kibao walikuwa tayari ng'ambo ya pili.

Wengi husimulia hii kama stori ya ushindi, na kweli ina ushindi ndani yake. Jamii ilinusurika. Ila hesabu ya hasara nayo ipo. Kwa miaka karibu ishirini, vitabu, tovuti na maelekezo ya programu yalikuwa yanamwambia mgeni: ukikwama, njoo tukusaidie Freenode. Karatasi hizo huwezi kuzikusanya zote. Mgeni aliyefuata maelekezo ya zamani alifika kwenye nyumba yenye taa, lakini waliomwalika hawapo.

Waliolala usingizi wao

Wakati watu wanakimbizana Mei 2021, kuna jamaa waliokuwa wanatazama wakinywa chai. Hao ni Debian, mojawapo ya matoleo makongwe ya Linux.

Debian nao waliwahi kuwa Freenode. Lakini waliondoka mapema, Juni 2006, wakahamia mtandao mwingine uitwao OFTC. Na walivyohama ndiyo funzo lenyewe. Wao hawakuwaambia watu wao "njooni Freenode". Walikuwa wanawaambia "njooni irc.debian.org". Hiyo anwani ni ya kwao, ipo chini ya domeni yao. Nyuma ya pazia ilikuwa inaelekeza Freenode. Siku walipoamua, wakaigeuza ielekeze OFTC. Kwa mtu wa kawaida anayeingia kupitia anwani ileile, mlango ni uleule. Chumba cha ndani ndicho kilichobadilika.

Kwa Kiswahili cha mtaani: kibao chenye jina la duka kiwe chako, hata kama fremu umepanga. Mwenye fremu akikuchefua unang'oa kibao, unaenda kukipachika kwingine, wateja wanakufuata.

Ukiangalia vizuri, kilichowatofautisha Debian na wengine ni mstari mmoja wa anwani. Hawakutumia hela nyingi kuliko wenzao, wala hawakuwa manabii. Waliamua tu kwamba jina ambalo watu watalikariri liwe jina lao.

Wengine walichaguaje?

Freenode ni stori kubwa, ila mitihani ya namna hii iliwakuta wengi, na kila mmoja alijibu kivyake.

Mwaka 2015 jumuiya ya watumiaji wa React, wanaoitwa Reactiflux, walikuwa wanachati Slack kwa mpango wa bure. Slack ilitengenezwa kwa ajili ya ofisi. Jumuiya ilipofika watu kama 7,500, wakaambiwa wamekuwa wengi mno na kualika wapya kukazuiwa. Kulipia kwa kila kichwa ilikuwa ndoto. Oktoba 2015 wakahamia Discord, kitu kilichokuwa kimezinduliwa miezi michache kabla kwa ajili ya wacheza gemu. Waliokuwa wanawacheka walikuja kuhamia hukohuko. Ila angalia: walitoka kwenye nyumba ya kupanga wakaingia nyumba nyingine ya kupanga. Bado hati si yao.

Mozilla, wale wa Firefox, walikuwa na IRC yao wenyewe kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2019 wakasema basi. Vurugu na watumaji taka walikuwa wengi, na mgeni alikuwa anahangaika mno kuingia. Walichofanya ni cha kistaarabu: waliweka wagombea mezani, Slack, Mattermost, Rocket.Chat na Matrix, wakawajaribu mbele ya watu wao, na Desemba 2019 wakamtangaza mshindi kuwa Matrix. Machi 2020 IRC ikazimwa. Na Matrix ina sifa moja tamu: inafanya kazi kama barua pepe. Wewe una seva yako, mimi nina yangu, na bado tunachati. Chaneli haifungwi kwenye kampuni moja. Na anwani waliyowapa watu? chat.mozilla.org. Kibao chao wenyewe.

Python nao walikuwa watu wa barua pepe za kikundi tangu zamani. Tatizo la barua pepe ni kwamba mjadala ukichachamaa, sanduku lako linapokea ujumbe mia moja, watu wanajibu vipande vya vipande, na hakuna wa kusema "jamani, tupumzike". Mwaka 2018 wakafungua jukwaa la Discourse, programu ambayo yenyewe ni huria, na kufikia 2022 mijadala mikubwa ya kuiendeleza lugha ilikuwa imehamia huko. Mada inakaa sehemu moja, mgeni anaisoma kuanzia juu, msimamizi anaweza kupunguza moto.

Na Linux yenyewe, baba wa stori? Wanaotengeneza kiini chake bado wanatumiana barua pepe mpaka leo. Vijana wanalalamika ni ya kizee, na kweli mgeni inampiga chenga. Lakini hakuna bosi wa kampuni anayeweza kuamka vibaya akaifunga barua pepe.

Kumbukumbu nayo ni mali

Sasa toa ile kitu uliyoiweka mfukoni: ubao unakumbuka, kuchati kunasahau.

Mtu anapouliza swali na kujibiwa vizuri, jibu lile linaweza kuwasaidia watu elfu moja ambao hawajafika bado. Lakini liwe sehemu ambayo wataliona. Ukilijibu kwenye Discord, anayetafuta Google kwa kawaida halioni. Mpaka ajiunge na apekue mwenyewe. Ukilijibu kwenye Slack ya bure, tangu Septemba 2022 ujumbe uliopita siku 90 unafichwa kama hujalipia. Waliokuwa wameweka maarifa yao Yahoo Groups wanajua uchungu wake: mwaka 2019 kampuni ilitangaza kwamba vilivyopandishwa huko vitafutwa, na Desemba 2020 huduma yote ikafungwa. Mijadala ya miaka karibu ishirini, kwaheri.

Ndiyo maana jumuiya nyingi zilizokomaa huwa na vyumba viwili. Kimoja cha soga, cha kujuana, cha "jamani nimekwama nisaidieni". Kingine cha kuandika yanayotakiwa kudumu: maamuzi, maelekezo, majibu ya maswali yanayorudi kila wiki. Soga linajenga undugu, kumbukumbu inajenga urithi. Ukiwa na soga tu, kila mgeni anauliza kilekile, na wale watatu wanaojibu kila siku wanachoka, wananyamaza, kisha wanaondoka kimyakimya. Jumuiya nyingi zinaanza kufa hapo, bila hata Tajiri wa kumlaumu.

Tuje nyumbani

Hapa kwetu kijiwe cha kila kitu ni WhatsApp. Wanaojifunza kompyuta, wadau wa harusi, wamiliki wa kikoba, wote wamo humo. Na WhatsApp si mbaya: kila mtu anayo, bando lake dogo, hakuna wa kufundishwa. Lakini kwa miaka mingi mwisho wa grupu ulikuwa watu 256, mpaka 2022 ukapanda hadi 1,024. Mgeni aliyeingia leo haoni yaliyojibiwa mwaka jana. Grupu linashikwa na admini mwenye simu. Simu ikiibiwa, au admini akinuna, au akipata mchongo wa kuuza namba za watu, grupu zima linakuwa na mtihani wa Freenode, tofauti ni ukubwa tu.

Kwa hiyo kama wewe na wenzako mnaanzisha kitu, iwe programu huria, iwe darasa la kujifunza kodi za kompyuta, iwe mradi wa kutafsiri programu kwa Kiswahili, kabla ya kubishana kipi kina stika nzuri, kaeni mjibu haya manne.

Moja, hati ni ya nani? Domeni iko kwa jina la nani, nenosiri la mwisho analo nani, na akifa au akisusa nani anafuata? Watu wawili watatu wawe nalo. Mwanzilishi alikufa ghafla, kumbuka.

Mbili, kibao ni cha nani? Wape watu anwani ya kwenu, hata kama inaelekeza WhatsApp, Telegram au Discord. Mkihama, mnageuza kibao.

Tatu, kumbukumbu mnaweza kuondoka nayo? Kama hakuna namna ya kupakua mliyoyaandika, basi mnaandikia mwenye nyumba.

Nne, mgeni kabisa, mwenye simu ya kawaida na bando la kuungaunga, anaingia kwa dakika ngapi? Maana uhuru wote duniani haumsaidii mtu aliyeshindwa kupita mlangoni. Hapa ndipo IRC iliwapoteza vijana, na ndipo Mozilla walikuwa sahihi kuizima.

Hakuna nyumba iliyojibu maswali yote manne kwa asilimia mia. Barua pepe ina hati nzuri ila mgeni anahangaika. Discord mgeni anaingia chap ila hati ni ya kampuni. Kuchagua ni kujua unakubali kukosa nini, na kukubali hilo kwa macho makavu, siyo kulikuta siku ya kelele.

Wale wa Freenode walikosa hati na kibao, wakaambulia kilichobaki, na kwa bahati yao kilichobaki kilikuwa kikubwa: watu wenyewe, wanaojuana, waliokuwa tayari kuhama pamoja. Nyumba ikachukuliwa, ukoo ukasimama. Sio kila grupu litakuwa na bahati hiyo.

Sasa nipe ubuyu wako: kijiwe chenu cha mtandaoni, funguo anazo nani? Na akiondoka kesho, mnajua pa kukutana? Shuka hapo chini, tuambizane.